Magofu ya Kirumi: jina la kale au la leo?

Ukiandika kuhusu magofu ya Kirumi, tanguliza jina lililo kwenye ramani ya leo, kisha weka la kale kwenye mabano mara moja tu: Timgad (Thamugadi), Algeria. Baada ya hapo shika moja hadi mwisho. Nimejifunza hili juzi, nilipoorodhesha magofu ya Afrika Kaskazini nikahesabu Djemila na Cuicul kuwa miji miwili, kumbe ni mmoja. Jina la leo humfikisha msomaji hadi langoni. La kale humfungulia maandishi yaliyochongwa kwenye mawe na vitabu vya Kilatini, ndiyo maana sipendi kabisa kuliacha. Njia hii haifai pale jina la kale ndilo watu wanalolitumia mpaka sasa, kama Volubilis ya Moroko au Pompeii: hapo moja latosha. Mji ambao bado una wakazi, tenganisha: Londinium ni ule wa Warumi, London ni huu wa sasa. Na jihadhari na Caesarea. Ziko kadhaa, mojawapo ndiyo Cherchell ya Algeria, nyingine iko Israeli, kwa hiyo usiliandike bila kutaja nchi.