Jinsi ya kujua kama 2147483647 ni namba tasa bila kugawanya kila kitu

Wengi tulifundishwa shuleni kwamba ukitaka kujua kama namba ni tasa unaigawanya kwa 2, 3, 5, 7 na kuendelea mpaka ufike kipeuo chake cha pili, sawa, ila kwa 2147483647 kipeuo ni 46340 na ushee, utachoka. Bahati nzuri hii namba ina umbo zuri sana, ni 2 kipeo cha 31 toa 1, na namba za umbo hilo (zinaitwa za Mersenne) zina njia yake ya mkato.

Kwanza angalia kipeo. Kisipokuwa tasa, achana nayo. 31 ni tasa, tunaendelea, ila hapo usishangilie mapema maana 11 nayo ni tasa na bado 2 kipeo cha 11 toa 1 ni 2047, yaani 23 mara 89.

Sasa tujifunzie kwa ndogo, 127, ambayo ni 2 kipeo cha 7 toa 1. Anza na 4. Zidisha kwa yenyewe, toa 2, chukua baki ya kugawanya kwa 127, halafu rudia, jumla mara 5 kwa sababu ni kipeo toa 2. Unapata 14, 67, 42, 111, halafu 0. Ukimaliza na sifuri basi ni tasa, ukimaliza na namba nyingine yoyote basi sio tasa, hamna cha katikati.

Baki yenyewe huhitaji hata kuigawanya kwa 127, na hapa ndo napapenda kuliko kote. 67 mara 67 toa 2 ni 4487. Gawanya kwa 128, inaingia mara 35 inabaki 7, jumlisha 35 na 7, hiyo hapo 42! Kwa kompyuta, inayohesabu kwa 0 na 1, kugawanya kwa 128 (2 kipeo cha 7) ni kukata tarakimu tu, ndo maana namba tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana hadi ilipotangazwa 2024, 2 kipeo cha 136279841 toa 1, yenye tarakimu 41,024,320, ni ya ukoo huuhuu.

Kwa 2147483647 unarudia mara 29. Mwanahisabati Euler alithibitisha kwa mkono 1772 kuwa ni tasa, kabla njia hii haijakuwepo, alijua kila kigawo tasa chake lazima kikigawanywa kwa 248 kibakize 1 au 63, akajaribu hizo tu.

Angalizo moja, kalkuleta ya simu. Hatua za mwanzo ni 14, 194, 37634, 1416317954, mpaka hapo salama, ila ukizidisha hiyo ya nne kwa yenyewe unapata tarakimu 19 na baadhi ya simu zinakata za mwisho kimyakimya, mi nilipata jibu lisilo sifuri mara mbili nikadhani nimekosea kanuni kumbe ni simu. Tumia Python (lugha ya kuandikia programu za kompyuta), au kalamu na karatasi ndefu.