Kabla Hujaenda Kuchanjwa Mafua Makali Kwenye Duka la Dawa

Piga simu kwanza. Si kila duka la dawa lina kibali cha kutoa chanjo, na hata lenye kibali huenda siku hiyo limeishiwa, au mfamasia aliyefunzwa kuchanja hayupo zamu. Ulizia pia kama chanjo waliyo nayo ni ya msimu huu. Virusi vya mafua makali hubadilika daima, ndiyo maana Shirika la Afya Duniani hutoa mapendekezo mapya kuhusu aina za virusi za kuwekwa ndani ya chanjo mara mbili kwa mwaka, Februari kwa nchi za kizio cha kaskazini na Septemba kwa zile za kizio cha kusini. Kuchanjwa mwaka jana hakukutoshi mwaka huu.

Nenda mapema, kwa kuwa mwili huchukua takribani wiki 2 kujenga kinga. Anayekimbilia sindano wakati nyumba nzima imekwisha kuanza kukohoa amechelewa, na akiugua siku mbili baadaye atawatangazia watu kwamba chanjo ndiyo iliyomletea mafua, jambo lisilowezekana, kwani sindano hiyo haina virusi hai. Chanjo yenye virusi hai vilivyodhoofishwa ni ile ya kupulizwa puani, na hiyo wajawazito na watu wenye upungufu wa kinga hawapewi. Sindano, kwa upande wake, humfaa sana mjamzito, maana kinga yake humfikia hata mtoto, ambaye mwenyewe hawezi kuchanjwa kabla ya kutimiza miezi 6.

Mweleze mfamasia yote bila kungoja akuulize: mzio wowote mkali uliowahi kukupata, hasa baada ya chanjo, ugonjwa wa Guillain-Barré (ambao kinga ya mwili hushambulia mishipa ya fahamu), kama umewahi kuugua, tabia ya kuzimia unapoona sindano, na dawa unazotumia. Dawa za kuzuia damu kuganda kwa kawaida hazikuzuii kuchanjwa, ila utahitaji kubana mahali palipochomwa kwa angalau dakika 2 bila kupasugua. Kamasi kidogo si sababu ya kuahirisha. Homa kali ni sababu.

Sasa nisikilizeni kuhusu nguo, jambo ambalo watu hulicheka. Vaa nguo ambayo mkono wake unapanda bila shida hadi begani, au ya mikono mifupi kabisa. Dada yangu alikwenda akiwa amevaa blauzi ya mikono mirefu iliyombana, na kwa kuwa duka lilikuwa na watu wengi na hapakuwa na pazia la kumsitiri, akaishusha blauzi kutoka shingoni, ikafunua ncha tu ya bega. Yeye alikuwa ameketi, mchomaji amesimama, naye akachoma pale palipoonekana. Palipoonekana palikuwa juu mno. Sindano hii inapaswa kuingia kwenye mnofu mnene wa msuli wa bega, upana wa vidole viwili hadi vitatu chini ya mfupa wa ncha ya bega. Ikichomwa juu zaidi, dawa inaweza kufikia kifuko cha majimaji kinacholainisha kiungo, au kano zilizo jirani, na kuzusha uvimbe. Maumivu ya kawaida ya chanjo huisha ndani ya siku chache. Yake yaliendelea kwa miezi, hata akawa anachana nywele kwa mkono wa kushoto na kuniita nimfunge zipu ya mgongoni, na daktari aliyemtibu, kabla hata ya kumgusa, alimwuliza alikuwa amevaa nini siku ile. Madhara ya namna hii ni nadra, nakiri, lakini kuyaepuka hakugharimu kitu. Bega lote liwe wazi, mchomaji aketi sambamba nawe, na ukiona anaelekeza sindano karibu na mfupa, mwombe ashuke kidogo. Usione haya, bega ni lako. Aliyewahi kuondolewa matezi ya kwapani atoe mkono wa upande mwingine.

Baada ya sindano, keti hapo hapo dukani kwa dakika 15, na 30 ikiwa umewahi kupata mzio mkali. Wanaozimia huzimia zaidi katika muda huo, na kuangukia kiti si sawa na kuangukia barabara. Hakikisha kadi yako imeandikwa tarehe, jina la chanjo, namba ya toleo na mkono uliochomwa. Mtoto wa chini ya miaka 9 anayechanjwa mafua makali kwa mara ya kwanza huhitaji dozi 2 zinazopishana kwa angalau wiki 4, kwa hiyo panga tarehe ya kurudi kabla hujaondoka. Usimeze dawa za maumivu mapema eti kwa kujihami, usiendeshe gari ukisikia kizunguzungu, usichanjwe mahali unapoona chupa za chanjo zimeachwa mezani nje ya jokofu, maana zinapaswa kukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi, na ukianza kuvimba uso au kupumua kwa shida baada ya kufika nyumbani, usirudi kuuliza dukani, nenda moja kwa moja kwenye chumba cha dharura cha hospitali iliyo karibu.