SOMO: Kozi ya kemia ogania (kemia ya kaboni) chuoni, kuanzia mwongozo wa kozi hadi mtihani wa mwisho (sehemu ya daftari la maabara isome mara mbili)

Kila muhula ukifunguliwa maswali ni yaleyale. Vitendo vina alama ngapi? Nikikosa maabara moja itakuwaje? Mbona ripoti imepata 3 kati ya 10 wakati jibu lilikuwa sahihi? Nimechoka kujibu kipande kipande, kwa hiyo naweka yote hapa, na nitakuwa nawaelekeza huku. Nimefuata utaratibu wa vyuo vikuu vya Tanzania, mwaka wa kwanza na wa pili. Pale mwongozo wa chuo chako unaposema tofauti, fuata mwongozo wa chuo chako.

Hatua ya 1: Soma mwongozo wa kozi siku unayopewa. Tafuta vitu vitatu: mgawanyo wa alama, tarehe za testi, na sharti la vitendo. Mgawanyo unaokutana nao mara nyingi ni 40 za muhula na 60 za mtihani wa mwisho. Ndani ya zile 40 kuna testi, ripoti za vitendo na pengine kazi za nyumbani. Sharti la vitendo ndilo linalorukwa na wengi. Kozi nyingi hazikuruhusu kukaa mtihani wa mwisho kama hukutimiza mahudhurio ya maabara, hata testi zako ziwe nzuri namna gani.

Hatua ya 2: Hesabu saa zako. Kwa utaratibu wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania), krediti 1 ni saa 10 za kazi. Kozi ya krediti 12 ni saa 120. Muhula wa wiki 15 unakuwa na saa 8 kila wiki. Ukitoa mhadhara saa 2 na vitendo saa 3, zinabaki saa 3 ambazo hakuna atakayekuitia jina. Hizo ni za kuchora mimenyuko kwa mkono, siyo kusoma slaidi kwa macho.

Hatua ya 3: Mavazi. Koti la pamba la mikono mirefu, miwani ya kinga, suruali au sketi ndefu, viatu vilivyofunika mguu wote, nywele zimefungwa. Ndala zinakurudisha hosteli.

Hatua ya 4: Andaa jaribio kabla ya kuingia. Lengo, mlinganyo, na jedwali la kemikali lenye uzito wa mole, kiasi, idadi ya mole na hatari yake. Chukua utengenezaji wa aspirini, ambao karibu kila kozi inao. Asidi ya salisiliki 2.00 g, uzito wa mole 138.12, ni mole 0.0145. Anhidridi ya asetiki 5.0 mL ni kama 5.4 g, yaani mole 0.053. Hapo umeshajua kwamba asidi ya salisiliki ndiyo itakayokwisha kwanza, na kwamba zao la nadharia (kiasi cha juu kabisa cha aspirini unachoweza kupata) ni 2.61 g (mole 0.01448 mara 180.16). Anayefika bila jedwali hili anaanza kukokotoa mezani wakati wenzake wameshaweka flaski kwenye maji ya moto.

Hatua ya 5: Daftari la maabara. Hapa ndipo alama zinapopotea, kwa hiyo nenda taratibu.

Daftari la maabara ni ushahidi. Namba inaandikwa palepale mizani inapotulia, kwa kalamu ya wino, ndani ya daftari lenyewe. Siyo kiganjani, siyo kwenye simu, siyo nyuma ya karatasi ya chujio. Ukiandika pembeni ili uje unakili kwa mwandiko mzuri usiku, karatasi inalowa au inapotea, na unachoandika usiku ni cha kukumbuka. 1.96 g inageuka 1.69 g, asilimia ya zao inashuka kutoka 75 hadi 65, na huna pa kurudi kuhakiki.

Ukikosea, piga mstari mmoja tu ili namba ya kwanza ibaki inasomeka, andika iliyo sahihi pembeni, kisha weka herufi za jina lako na tarehe. Usipake rangi nyeupe. Usichane ukurasa, kurasa zinahesabiwa. Mwisho wa kipindi peleka daftari lisainiwe kabla hujavua koti. Namba ambayo haipo kwenye ukurasa uliosainiwa inachukuliwa kuwa imetungwa, na kutunga data kunahukumiwa sawa na kuingia na karatasi kwenye mtihani.

Tahadhari zinazoendana na hili:

- Pima kioo cha saa (kisahani cha kioo cha kuwekea fuwele) kikiwa kitupu, andika, ndipo uweke fuwele. Ukisahau uzito wa chombo, jaribio zima halina zao.
- Usipime fuwele mbichi. Ukipata 3.10 g za aspirini kutoka 2.00 g za asidi ya salisiliki, hiyo ni asilimia 119, yaani umepima maji. Kausha, pima, kausha tena, pima tena, mpaka vipimo viwili vifuatane bila kupishana zaidi ya 0.01 g. Andika vyote, siyo cha mwisho peke yake.
- Kiwango cha kuyeyuka ni namba mbili: pale tone la kwanza linapoonekana na pale punje ya mwisho inapoisha. "135" peke yake haitoshi; andika "133–135 °C". Jaza kapilari (kijibomba chembamba cha kioo cha kuwekea sampuli) milimita 2 hadi 3 tu, na ukikaribia pandisha joto nyuzi 1 hadi 2 kwa dakika. Ukiharakisha, kipimajoto kinaachana na sampuli na unasoma namba isiyo ya kweli.
- Andika ulichokiona hata kama hukukitarajia. Ukiweka kloridi ya chuma(III) na rangi ikawa zambarau, bado una asidi ya salisiliki ambayo haijamenyuka. Kuandika hivyo na kueleza kwa nini kunakupa alama. Kuandika "hakuna rangi" kwa sababu jirani hakupata rangi kunakunyima zote.

Hatua ya 6: Taka. Viyeyushaji vyenye klorini (kloroformu, dikloromethani) vina chupa yake. Ethanoli, asetoni na wenzake vina yake. Asetoni na kloroformu zikikutana na besi zinachemka zenyewe kwa nguvu, ndani ya chupa iliyofungwa. Usimimine chochote kwenye sinki mpaka uambiwe.

Hatua ya 7: Ripoti. Matokeo, hesabu yenye vizio, mjadala, majibu ya maswali. Mjadala uzungumzie namba zako mwenyewe. "Makosa ya kibinadamu" siyo sababu. Taja kosa gani, na lingesogeza namba upande upi.

Hatua ya 8: Testi na mtihani. Mhadhiri anatafuta mishale inayoonyesha elektroni zinavyohama. Mshale unaanzia kwenye elektroni na kuishia zinapokwenda. Ioni ya haidroksidi ikishambulia bromomethani, mshale wa kwanza unatoka kwenye jozi huru ya oksijeni kwenda kwenye kaboni, wa pili unatoka kwenye bondi ya C–Br kwenda kwa bromini. Jumla ya chaji kushoto ni −1, kulia nayo iwe −1. Ukianguka kuna sapu (mtihani wa marudio), na vyuo vingi sapu haizidi daraja C hata upate 80.

---

MASWALI YA WANACHAMA

Kijana_wa_Mbozi: Mkuu kesho nina vitendo vya kwanza, nivae nini?

Mwandishi: Hatua ya 3.

Kijana_wa_Mbozi: Sawa, na miwani ya kawaida ya kusomea inatosha?

Mwandishi: Haitoshi. Haizibi pembeni, na tone huwa linaingilia pembeni. Vaa ya kinga juu yake.

binti_fuwele: Shikamoo. Nimefuata maelekezo ya aspirini yote, lakini nilipopoza sikupata fuwele, nikapata mafuta mazito chini ya flaski. Nilikosea wapi? Natamani kuelewa kilichotokea, siyo tu namna ya kurekebisha.

Mwandishi: Marahaba. Umeuliza vizuri. Kinachotokea ni kwamba aspirini inajitenga na myeyusho ikiwa bado ni kimiminika. Yenyewe safi inayeyuka karibu na 135 °C, lakini ikiwa na uchafu na kiyeyushaji ndani yake inayeyuka chini sana ya hapo. Ukimwaga maji mengi kwa mara moja, inafukuzwa kwenye myeyusho wakati flaski bado ina joto, kabla molekuli hazijapata muda wa kujipanga. Rudisha flaski kwenye maji ya moto, ongeza ethanoli 1 hadi 2 mL mpaka mafuta yayeyuke, kisha iache mezani ipoe yenyewe. Usikimbilie barafu. Ikifikia joto la chumba bila fuwele, kwaruza ukuta wa ndani wa flaski kwa kijiti cha kioo, usawa wa myeyusho. Au omba punje moja ya aspirini safi uitupie ndani, fuwele zitaanzia hapo. Barafu iwe ya mwisho. Na usichemshe muda mrefu kwenye maji, kwa sababu aspirini inarudi kuwa asidi ya salisiliki na asidi ya asetiki.

binti_fuwele: Asante sana. Kwa hiyo ethanoli ikizidi je?

Mwandishi: Inabaki na aspirini yako. Fuwele zitakuwa safi lakini chache. Kwa zao la kama 2.5 g anza na ethanoli ya moto 5 mL, ongeza kidogo kidogo mpaka iyeyuke tu, basi. Ipashe kwenye maji ya moto, kamwe siyo kwenye mwali. Mvuke wake unashika moto upesi.

Chuma_Mboga: Una ripoti ya aspirini iliyosahihishwa? Nitumie nione format.

Mwandishi: Sina ya kukupa. Muundo uko hatua ya 7, namba ziko kwenye daftari lako.

Chuma_Mboga: Nataka tu kuangalia, siyo kukopi.

Mwandishi: Jibu ni lilelile. Ripoti mbili zenye 1.87 g na sentensi zilezile zinakamatwa zote, ya mwenye kutoa na ya mwenye kupokea.

Mdau_wa_Kihonda: Unapotosha watu. Chuoni kwetu ni 50 kwa 50.

Mwandishi: Nimeandika "mara nyingi", na kabla ya hapo nimesema mwongozo wa chuo chako ndio wa kufuata. Soma aya ya kwanza.

mama_Zuwena: Nilikosa testi, nilikuwa nimelazwa kwa malaria siku tatu. Nimepewa sifuri. Kuna njia?

Mwandishi: Pole sana dada. Ipo, ila muda ndio kila kitu. Chukua cheti cha hospitali chenye tarehe ya kulazwa na ya kuruhusiwa, kipeleke zahanati ya chuo kithibitishwe, kisha andika barua kwa mkuu wa idara ukiambatisha nakala. Nakala nyingine mpe mhadhiri, na ya kwako igongwe muhuri wa kupokelewa. Omba testi ya fidia. Usiombe "kusaidiwa alama". Kanuni nyingi zina kikomo cha siku za kuwasilisha, kwa hiyo nenda kesho asubuhi. Siku nyingine, mtu amjulishe mhadhiri ungali wodini, hata kwa ujumbe mfupi.

Nuru_Pemba: Sisi tunaovaa hijabu?

Mwandishi: Vaa. Iwe ya pamba, maana ya nailoni inayeyukia kwenye ngozi ikishika moto, na ncha zote ziingie ndani ya koti. Kama una ujauzito mwambie msimamizi kabla ya kipindi cha kwanza, viyeyushaji vingine utaondolewa.

Kapilari: Nyongeza: kwa nini fundi wa maabara anagawa anhidridi ya asetiki kwa saini na haongezi ukimwaga?

Mwandishi: Swali zuri. Ni kemikali bashirifu (inayoweza kutengenezewa dawa za kulevya), imo kwenye orodha za Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1988 kwa sababu hutumika kutengeneza heroini, kwa hiyo kila mililita ina hesabu. Tena inamenyuka na maji. Flaski ikiwa na unyevu unapoteza sehemu ya kiasi chako kabla ya kuanza. Kausha vyombo kwanza.

Kapilari: Nimeelewa. Na wanaohangaika na R na S (alama za mpangilio wa makundi manne kuzunguka kaboni), tumieni udongo wa mfinyanzi na vijiti vya meno. Punje nne za rangi tofauti, kaboni katikati, kundi la daraja la chini kabisa lielekeze mbali nawe.

Mwandishi: Naongeza hapo: tengeneza miundo miwili, kisha jaribu kuulaza mmoja juu ya mwingine. Rangi zikigoma kulingana zote nne, hizo ni picha za kioo. Lakini uliza kwanza kama inaruhusiwa kuingia nayo kwenye testi. Kuna wasimamizi wanaoruhusu seti ya modeli na wasioruhusu.