Kabla hujatoa pesa ya kamera ya kwanza

Vijana wakiniuliza wanunue kamera gani, nami huwauliza: utapiga wapi? Hapa Dar kazi inayomlipa mpiga picha mchanga ni sendofu, na sendofu ni usiku, ukumbini, taa za zambarau zinawaka na kuzima huku bibi harusi anaingia akicheza. Kamera ikimudu hapo, mchana wa Coco Beach hautaisumbua.

Muuzaji atakutajia megapikseli. Mwache ataje. Picha ya A4 iliyochapwa vizuri haihitaji hata megapikseli 9, na Canon 600D ya mwaka 2011 ina 18. Tatizo la ukumbini ni mwanga, na mwanga hupita kwenye lenzi. Ile 18-55mm inayouzwa pamoja na kamera, ukiivuta mpaka mwisho, tundu lake haliendi zaidi ya f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni pana). Lenzi ndogo ya 50mm f/1.8 hupitisha mwanga karibu mara kumi ya huo, nayo ni miongoni mwa lenzi za bei nafuu kabisa. Kwa hiyo pesa yako usiimalizie yote kwenye bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi. Tafuta bodi iliyotumika, Canon 200D kwa mfano, halafu kinachobaki kiende kwenye 50mm. Ile 18-55mm usiitupe lakini. Ukoo wa bwana harusi ukijipanga jukwaani, 50mm haitawameza wote.

Ukipenda Nikon, jua kwamba D3500 na D5300 hazina mota ya kufokasi ndani ya bodi. Nunua lenzi zilizoandikwa AF-S au AF-P, ambazo zina mota yake ndani. Ukichukua ya zamani ya AF-D kwa sababu ni rahisi, utakuwa unazungusha fokasi kwa mkono wakati keki inakatwa.

Sony a6000 ni nyepesi na picha zake safi, ila betri yake imekadiriwa picha 360 hivi, wakati D3500 imekadiriwa 1,550. Sherehe zetu unazijua zinavyochelewa. Hesabu bei ya betri za ziada kabla hujasema umepata dili.

Sasa dukani, Kariakoo au popote. Nenda na kadi yako ya kuhifadhia picha na simu yenye tochi. Vua lenzi, washa tochi upande mmoja, chungulia upande wa pili huku ukiigeuzageuza taratibu. Vumbi kidogo si neno. Unachotafuta ni nyuzi nyembamba kama utando wa buibui: hao ni kuvu, na kwa unyevu wetu wa pwani, lenzi iliyofungiwa kabatini haichelewi kuwapata. Ukiwaona, irudishe hata kama bei imeshushwa nusu, maana wakikaa sana hula ile rangi ya juu ya kioo, na fundi hawezi kuirudisha.

Kisha rudisha lenzi, weka f/22, piga picha ukuta mweupe, ikuze. Madoa ya vumbi kwenye sensa, ile sehemu ya ndani inayonasa picha, husafishwa, mkwaruzo hausafishiki. Kwa Nikon nilizotaja, picha yenyewe hubeba hesabu ya mapigo ya shata (pazia linalofunguka na kufunga kila unapopiga), na shata zake zilijaribiwa kufikia 100,000. Haina maana itakufa hapo, ila ikiwa 90,000 una sababu ya kuvutana bei. Canon ndogo haziandiki hesabu hiyo kwenye picha, basi tazama mpira wa kushikia: ukiwa umelegea na kubanduka, hiyo imekula harusi nyingi, hata muuzaji aape vipi.

Ukiridhika, namba ya bodi na namba ya lenzi ziandikwe kwenye risiti, pamoja na siku ulizopewa za kurudisha. Siku hizo zitumie: jaza kadi nzima, piga mpaka betri iishe, zima na kuwasha. Muuzaji akikataa kuandika, duka la jirani nalo lina kamera.