Kutupa kimia: mwongozo kwa mgeni anayejifunza kwa wavuvi wa Vanga

Nimeandika haya baada ya kumfundisha shemeji yangu, mtu wa Nakuru, aliyekuja likizo pwani akitaka kuvua badala ya kupiga picha za wavuvi. Nilimpeleka Vanga, kijiji cha pwani ya kusini ya Kenya, karibu na mpaka wa Tanzania. Kimezungukwa na mikoko, na mikondo inayopenya humo ndiyo shule nzuri ya kimia, ule wavu wa duara wa kutupa kwa mkono, wenye risasi za kuuzamisha pembeni na kamba kichwani. Ukiwa Gazi au Lamu, mambo hayatofautiani sana.

Hatua ya 1: Tafuta mwalimu

Usimwite mvuvi aliye kazini majini. Nenda bandani samaki wanapopimwa, uulize viongozi wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, ni mzee gani bado anatupa kimia kwa meno. Anza na shikamoo, kaa, subiri uulizwe shida yako. Somo halina bei iliyobandikwa ukutani. Mimi hubeba ndoo, hununua samaki wake bila kuvutana bei, na siku ya kuondoka namwachia pesa ya sukari. Hao BMU ndio watakaokuambia pia mahali pasipovuliwa. Hifadhi ya bahari ya Kisite, ng'ambo ya kisiwa cha Wasini, hairuhusu uvuvi wowote.

Njoo wakati wa kusi, kuanzia Aprili hadi Septemba hivi. Bahari ya nje huchafuka, vyombo vidogo hubaki ndani, na wazee wana nafasi ya kukufundisha. Kwenye kaskazi kila mtu yuko mbali na wewe utabaki na watoto.

Hatua ya 2: Kimia chenyewe

Anza na cha pima moja, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, kutoka kichwani hadi kwenye risasi. Utauziwa kile cha plastiki angavu kwa maelezo kwamba samaki hawakioni. Kiache. Nyavu za uzi huo zimepigwa marufuku Kenya, na kipande kikikatikia majini kinaendelea kuua samaki na kaa bila mwenyewe. Chukua cha uzi wa kusokotwa. Ni kizito zaidi, lakini kinashoneka.

Hatua ya 3: Maji

Mkizi huingia mikokoni maji yakijaa na kutoka yakianza kupwa, kwa hiyo simama kwenye mdomo wa mkondo maji yanapogeuka. Saa za maji husogea kama dakika 50 kila siku. Bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupanda na kushuka karibu mita nne huku kwetu, na mgeni aliyeingia ndani sana hubaki na tope la magoti. Kwa kuanza, napendelea siku mbili tatu baada ya bamvua, mkondo ukiwa umepungua ukali. Vaa yeboyebo na utembee kwa kuburura miguu, ili taa, yule samaki bapa mwenye mwiba wa sumu, aliyejifukia mchangani akimbie kabla hujamkanyaga.

Hatua ya 4: Kukusanya na kutupa

Hapa ndipo watu huvunjika moyo, kwa hiyo nitakaa. Maelezo ni ya mtu wa mkono wa kulia. Wa kushoto ageuze.

Fanya mazoezi nchi kavu, kwenye mchanga usio na vijiti wala chupa, kimia kikiwa kimelowa. Kikavu ni chepesi, upepo hukikunja, nawe utajilaumu bure. Vua saa, pete na shati lenye vifungo. Jicho moja la wavu likinasa kwenye kifungo, kimia kinaondoka na wewe.

Vaa kitanzi cha kamba kwenye kifundo cha mkono wa kushoto. Kiwe kitanzi cha kuchomoka, kisiwe fundo. Wavu ukikamatwa na mzizi wa mkoko huku maji yanajaa, utataka kujitoa haraka. Zungushia kamba kwenye kiganja hichohicho, shika kichwa cha kimia, kisha shika tena chini zaidi mpaka risasi zining'inie usawa wa magoti. Sasa kagua: risasi zote ziko chini? Hakuna iliyopita ndani ya jicho au kujisokota na mwenziwe? Mitupo mingi mibaya huharibikia hapa, kabla mkono haujasogea.

Chukua kamba ya risasi mahali palipo karibu nawe uiume kwa meno. Uma kamba katikati ya risasi mbili, usiume risasi yenyewe: ni sumu, na ikivutwa ghafla inaondoka na jino. Mwenye meno ya bandia aitundike sehemu hiyo kwenye kiwiko cha kushoto. Wazee watamcheka kidogo, kimia kitafunguka vilevile. Kisha gawa: nusu ibaki upande wa kushoto, nusu ikusanye kwa mkono wa kulia, ukishika na kamba ya risasi kiasi cha urefu wa mkono kutoka mdomoni. Nusu kwa nusu kweli, usikadirie tu.

Panua miguu. Jipinde kiunoni kinyume na unakotupa, mzigo ukufuate, halafu geuka kwa mkupuo mmoja. Mkono wa kulia unachora duara kwa ubapa, usawa wa kifua. Unaachia wa kulia kwanza, wa kushoto unafuata, na meno mwisho, pale unapohisi uzito umeanza kuvuta mdomo. Mzee aliyenifundisha hakutumia nguvu hata kidogo. Kazi yote ilikuwa kiunoni.

Kikianguka kwa umbo la ndizi, mgawanyo ulikuwa mbaya au meno yalichelewa. Kikianguka bonge, ulikirusha juu badala ya kukizungusha. Kikifunguka kisha kikajirudi, kamba ni fupi au umeikanyaga. Rekebisha kosa moja kwa kila mtupo. Shemeji alitaka kurekebisha yote matatu pamoja, akaishia kujivika kimia kichwani.

Majini, usitupe mahali mkizi aliporuka. Wahenga walisema hasira za mkizi tijara ya mvuvi, na kweli anajitangaza mwenyewe, lakini kundi limeshasogea. Tazama mikunjo midogo juu ya maji, yenye ncha upande mmoja. Ncha ndiko wanakoelekea. Tupa mbele yake, jua likiwa mbele yako ili kivuli chako kibaki nyuma.

Hatua ya 5: Kuvuta

Subiri risasi zifike chini. Vuta polepole, kwa mivuto mifupi, risasi zikaribiane. Kikinasa, fuata kamba kwa miguu ukakinasue. Usikivute kwa hasira.

Hatua ya 6: Baada ya uvuvi

Wadogo warudishe mara moja, kaa mtoe mwisho. Suuza kimia kwa maji ya kisima yasiyo na chumvi na ukianike kivulini, maana jua huozesha nailoni. Tundu likitokea lishone siku hiyohiyo kwa uzi wa unene uleule. Uzi mnene kuliko wa kimia hukata macho ya jirani, na wiki ijayo utashona tundu kubwa zaidi.