Dawa ya misuli kwa mwenye mwili mwepesi wa maudhi

Ingia duka lolote la dawa pale Mwanga useme "naomba dawa ya misuli", na dawa utapewa. Ila utapewa inayotoka sana, si lazima iwe inayokufaa wewe. Mimi ni fundi cherehani hapa Kigoma. Shingo na mabega yameniuma miaka mingi, na mwili wangu ni mkataaji: kidonge ambacho jirani yangu anameza asubuhi kisha anakwenda zake Kibirizi kununua dagaa, mimi kinanilaza mchana kutwa au kinaniwashia moto tumboni. Ninawaandikia wenzangu wa aina hiyo. Mwenye tumbo la chuma anaweza kuishia hapa.

Usianze kwa kuuliza dawa ipi ni kali. Anza na udhaifu wako. Kila dawa ya maumivu ina mahali pake inapogusa: nyingine tumbo na figo, nyingine ini, nyingine kichwa na usingizi. Wewe ndiye unayejua usichoweza kukipoteza. Kwangu namba moja ni tumbo, maana niliwahi kutibiwa vidonda. Namba mbili ni usingizi wa mchana, kwa sababu sindano ya cherehani haimwonei huruma mtu anayesinzia. Dereva wa bodaboda ataweka usingizi juu kabisa. Mwenye presha ataweka figo na moyo. Andika mpangilio wako kwenye karatasi kabla hujatoka nyumbani, kwa sababu ukishafika dirishani utasahau.

Kwenye karatasi hiyohiyo andika kila unachomeza tayari, hata cha mitishamba. Dawa hugongana, na zaidi ya hapo, kuna dawa ambazo zenyewe huleta maumivu ya misuli. Maarufu ni zile za kushusha lehemu (kolesteroli), ukoo wa statini, kama atorvastatini. Ukiona maumivu yalianza au yalizidi baada ya kuanzishiwa dawa hiyo, mwambie daktari. Usiiache kimyakimya.

Halafu tenganisha maudhi na mzio. Kinywa kukauka, kusinzia na kichefuchefu ni maudhi, na mara nyingi dozi ikipungua nayo yanapungua. Kuvimba midomo au uso, vipele vinavyosambaa, kifua kubana: huo ni mzio, na dawa hiyo hairudiwi tena hata nusu kidonge.

Sasa dawa zenyewe. Nitakaa kwenye zile zinazotusumbua zaidi.

Panadoli, yaani parasetamoli, ndiyo mpole kwa tumbo. Kwa maumivu ya misuli ya muda mrefu haifanyi makubwa, tusidanganyane, lakini siku ya kawaida inaweza kutosha. Mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Mwenye mwili mdogo, anayekunywa pombe au mwenye shida ya ini apangiwe chini ya hapo. Mtego wake ni kwamba imejificha ndani ya vidonge vya mchanganyiko. Unameza cha mafua, unaongeza cha mgongo chenye diklofenaki na parasetamoli kwa pamoja, kisha unaongeza panadoli kwa ajili ya kichwa, na ini linapokea parasetamoli mara tatu. Kwa hiyo usisome jina kubwa la biashara, soma yale maandishi madogo chini yake. Hata dawa iliyovuka ziwa kutoka Kongo au Burundi na maelezo ya Kifaransa, jina la kiini chake linafanana vya kutosha kulitambua. Kidonge kisicho na boksi wala jina, kikikatwa kwa mkasi na kuuzwa kimoja kimoja, mimi sinunui.

Ibuprofeni na diklofenaki ndizo zinazosifiwa sana, na kwangu ndizo za kuogopwa. Hupunguza kemikali za mwili zinazoleta maumivu, na kemikali hizohizo ndizo zinazolinda ukuta wa tumbo na kusaidia damu kufika kwenye figo. Hapa kuna maneno mawili ya mtaani ambayo lazima niyabishie. La kwanza: "kula ushibe ndipo umeze, haitakudhuru." Chakula hupunguza kichefuchefu, lakini kidonda hakikizuii. La pili: "choma sindano, haipiti tumboni." Sindano inaingia kwenye damu, damu inafika tumboni, na kidonda kinaweza kuja vilevile. Ukilazimika kuitumia, iwe dozi ndogo kwa siku chache, na umuulize daktari kuhusu omeprazoli ya kulinda tumbo. Ukiwa unatumia dawa ya presha kama losartani au lisinoprili pamoja na dawa ya kukojoza, kuongeza ibuprofeni juu yake ni kuziweka figo zako katikati ya watu watatu wanaogombana. Wajawazito wasiiguse bila daktari, hasa kuanzia wiki ya 20.

Lakini diklofenaki hiyohiyo ikiwa ya kupaka ni habari nyingine. Jeli inayopakwa sehemu moja huingiza kwenye damu sehemu ndogo sana ya kile ambacho kidonge kingeingiza, takribani asilimia 6. Kwa sisi wenye mwili mwepesi, hapa ndipo pa kuanzia kama maumivu yako yako mahali pamoja na si ya kina sana: bega, shingo, kiwiko. Paka kwenye ngozi isiyo na jeraha, usifunge plastiki juu yake, usiweke kitambaa cha moto, nawa mikono. Zipo pia dawa za kuchua zinazounguza, zenye pilipili au zenye harufu ile kali. Ile yenye harufu kali mara nyingi ina methili salisilati, ndugu wa aspirini, kwa hiyo anayetumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asijipake ovyo. Na mawese ya uvuguvugu ya bibi zetu wa Ujiji? Dawa ndani yake hamna, ila mkono unaochua unafanya kazi ya kweli. Mimi sijaacha.

Dawa iliyonifaa kuliko zote ni ile niliyoikataa nilipoisikia mara ya kwanza: amitriptilini. Jirani aliona boksi akaniuliza, "Mama, hii si ya wagonjwa wa akili?" Ni kweli, kwa dozi kubwa hutibu sonona. Kwa dozi ndogo, miligramu 10 hadi 25 usiku, hutuliza mishipa ya fahamu inayobeba taarifa ya maumivu na kurudisha usingizi. Daktari wangu alinionyesha kwenye simu mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, wa mwaka 2021: kwa maumivu sugu yasiyo na chanzo kingine kinachoeleweka, hawashauri kuanzisha parasetamoli wala ibuprofeni, na wameitaja amitriptilini miongoni mwa zinazoweza kufikiriwa, baada ya mazoezi. Inahitaji cheti cha daktari, na daktari anapaswa kukuuliza kuhusu moyo, presha ya macho na, kwa wazee wa kiume, tezi dume.

Kwa mwenye maudhi, ujanja wote uko kwenye kuianza. Omba kuanza na 10. Kama zipo za 25 tu, uliza kama inafaa kukata nusu. Imeze saa mbili usiku badala ya wakati wa kulala, ili uzito wa kichwa uishe kabla hakujapambazuka. Ianze siku ambayo kesho yake huna kazi ya hatari. Kinywa kitakauka na choo kinaweza kuwa kigumu. Maji, papai na mboga vinasaidia. Usingizi hutangulia kuwa mzuri, maumivu hufuata baada ya wiki kadhaa, kwa hiyo usiihukumu siku ya tatu. Wala usiiache ghafla, ishushwe taratibu. Ikikushinda, muulize daktari kuhusu duloksetini, dawa nyingine ya sonona inayotumika pia kwa maumivu. Nayo ina kichefuchefu chake cha mwanzoni.

Tramadoli, dawa ya maumivu ya ukoo wa afyuni, mimi nimeiweka mbali. Inazoesha, inatapisha, na ikichanganywa na amitriptilini inaweza kuleta degedege. Vile vya "kulegeza misuli" ni vya siku chache na vinalaza. Vitamini B inasaidia aliyepungukiwa, ila B6 nyingi kwa muda mrefu inaharibu mishipa ileile unayotaka kuiponya. Na chupa ya mitishamba inayomaliza maumivu yote ndani ya usiku mmoja itilie shaka: kuna zilizowahi kukutwa na dawa za steroidi, deksamethasoni au predinisoloni, ndani. Uso unajaa, sukari inapanda, na wewe unasifia mizizi.

Ukishachagua, badilisha dawa moja tu kwa wakati mmoja. Ukianza mbili pamoja, hutajua iliyokufaa wala iliyokuudhi. Mimi natumia kurasa za nyuma za daftari la vipimo vya wateja: jina, miligramu, saa, maumivu kati ya 0 na 10, na maudhi. Sitafuti sifuri. Ikitoka 7 ikafika 5, dawa inafanya kazi, na hapo naamua kama maudhi yake yanavumilika. Karatasi ya ndani ya boksi isome, lakini isome kwa akili. Kwenye karatasi nyingi, "mara nyingi sana" ni zaidi ya mtu 1 kati ya 10, na "nadra" ni chini ya 1 kati ya 1,000. Mwoga akisoma orodha nzima bila kutazama hilo, atayapata yote kabla hajameza.

Usisubiri daftari kama choo ni cheusi kama lami, mkojo una rangi ya kahawia, macho yamekuwa ya njano, miguu imeishiwa nguvu, ganzi imeshika sehemu za siri, au kuna homa na kukonda. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Maudhi mabaya mweleze pia mfamasia ili yaripotiwe TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba.

Ukifika kwa daktari, iwe hospitali ya Maweni au zahanati ya jirani, usiseme tu "naumwa misuli". Sema hivi: "Shikamoo daktari. Maumivu yangu yako hapa na hapa, yana miaka kadhaa. Niliwahi kuwa na vidonda vya tumbo. Dawa hii ilinifanya hivi, ile ilinifanya vile. Natumia hizi za presha. Naomba tuanze na dozi ndogo kabisa, dawa moja, na kama inawezekana nipimwe figo na ini kwanza. Nirudi lini?" Daktari akiwa kijana acha shikamoo, mengine yaseme yote.