Kulala Sage Creek, Katikati ya Baisani

Ukiishi Sioux Falls au Minneapolis na moyo unatamani mbuga, shika barabara kuu ya I-90 kuelekea magharibi hadi Hifadhi ya Taifa ya Badlands, South Dakota. Wengi hupiga picha kwenye magenge ya udongo, wakaondoka siku hiyohiyo. Nakusihi ulale, tena ulale Sage Creek, penye nyasi zenyewe.

Ukishalipa kiingilio cha hifadhi, kambi hii ni bure, na hakuna kushikiwa nafasi: anayewahi ndiye anayepata. Kuna vyoo vya shimo na meza. Maji hakuna kabisa, na joto la kiangazi huweza kupita nyuzi 38, kwa hiyo beba ya kunywa lita nne kwa kila mtu kwa siku, mbali na ya kupikia na kunawa. Barabara ya kuingia ni ya vumbi, ikinyesha, haipitiki.

Nyama choma je? Moto wa kuni ni marufuku mwaka mzima, maana nyasi kavu na upepo wa kule haviachi kitu. Pikia jiko la gesi.

Sasa baisani, jamaa wa nyati wetu. Walikuwa wametoweka hapa, wakarudishwa mwaka 1963, na leo hupita katikati ya mahema wakila nyasi. Dume hufikisha kilo 900 na hukimbia kuliko mtu yeyote. Serengeti dereva angekuzuia kushuka garini. Hapa hakuna wa kukuzuia, basi jizuie mwenyewe. Kaa mita 90 mbali naye, watoto uwashike mkono. Akiinua mkia, rudi nyuma taratibu. Julai na Agosti ni msimu wao wa kupandana, madume hayana subira hata kidogo.

Vaa viatu vinavyofunika kifundo cha mguu: kuna nyoka mwenye sumu anayetikisa mkia kama kayamba. Kuna pia vinyama vya mashimoni, jamii ya kindi, viitwavyo prairie dog: watoto watavipenda sana, lakini wasivilishe wala kuvigusa. Viroboto wa vinyama hivyo huweza kuambukiza tauni.

Hema lifunge kwa vigingi vyote, hata kama jioni imetulia. Radi zikianza, ingieni garini.

Simu hushika kwa shida, hivyo pakua ramani mkiwa bado mjini Wall, na hapohapo jazeni mafuta na maji.